Mama Mdogo Alipokula Arobaini na Saba

Mimi si mtu wa kusema. Walimu wangu wa Kasongo wanalijua hilo, na kila mwisho wa muhula mmoja wao huandika kwenye buletini yangu ya alama maneno yaleyale: "Anaandika vizuri, haongei." Baba yangu ana duka la vitenge, naye huongea na wateja tangu mlango ufunguliwe mpaka ufungwe. Huisoma buletini kwa sauti, halafu humuuliza mama kama kweli siku ile hospitalini walimpa mtoto wao. Kwa hiyo nitaandika. Hii ni habari ya asubuhi ambayo nilitakiwa kusema neno moja tu, na nusura lisitoke.

Kila vakansi kubwa, likizo ya mwisho wa mwaka wa shule, napelekwa Wamaza kwa bibi, mama yake mama. Unakwenda kwa pikipiki, na ukishuka una vumbi hadi kwenye kope, mtandio umebadilika rangi. Bibi hunipokea akiwa katikati ya uwanja, mikono kiunoni.

"Muke mwenzangu amefika! Mume wetu angekuwa hai leo, angenifukuza mimi kwa ajili yako."

Mume wetu ni babu, ambaye alikufa kabla sijazaliwa. Nimekua nikiwa mke wa marehemu. Huwa natazama viatu vyangu. Yeye huwaambia majirani: "Mumeona? Hata wivu hana."

Mwaka jana nilikuta bibi ana mgeni. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye miwani na mabuti ya mpira, kutoka chuo kikuu cha mbali. Mkubwa wa kijiji ndiye aliyempeleka kwa bibi, kwa sababu shamba la bibi linateremka mpaka kwenye potopoto, ile ardhi ya maji na matope ambayo haikauki hata kiangazi. Bibi alikuwa bado hajamaliza kumshangaa.

"Mutu muzima hivi bado iko masomoni? Ulirudia darasa mara ngapi?"

"Sikurudia hata moja, mama. Masomo ndiyo hayaishi."

"Aa. Basi hao walimu wako wanakuchezea."

Mgeni alikuja kuchukua matope. Watu hawakuamini. Upande wa Lusangi watu wanachimba dhahabu, na hapa kila mwenye koleo anadhaniwa hivyohivyo. Siku ya kwanza na ya pili vijana walikaa ukingoni wakimvizia. Siku ya tatu hawakuja. Nilimsikia mmoja wao akimweleza bibi, kwa huzuni kidogo: "Mutu wa dhahabu anaosha matope, anatupa. Ule haoshi, hatupi. Anayafunga vizuri kama mboga. Ule ni wa matope kweli." Toka hapo akaitwa Madamu Potopoto, na yeye mwenyewe akaitika.

Alikuwa na bomba la chuma lenye mdomo, na vyuma virefu vya kuunganisha. Unalisukuma chini, unalizungusha, unalivuta. Ukilifungua, matope yamelala ndani, marefu na mviringo, kama muhogo uliopikwa ndani ya jani. Ya juu ni meusi, ya chini yake kahawia, halafu meusi tena yenye vipande vya majani ambavyo bado unaona mishipa yake. Alihitaji mtu wa kuandika namba kwenye vifuko vya plastiki, vile tunavyoviita sashe. Bibi akanitoa mimi kama anayetoa kuku.

"Chukua huyu. Anakula kidogo, hasemi kitu, na mwandiko wake ni wa mashine."

Tulifanya kazi siku nne. Yeye anakata matope kwa kisu, vipande sawasawa kama sabuni, anataja namba na kina, mimi naandika kwenye sashe na kwenye daftari lake. Siku ya kwanza nilisema "ndiyo" mara mbili. Jioni akaniambia:

"Niliwahi kuwa na msaidizi aliyekuwa anaongea mpaka nasahau kuhesabu. Wewe tutapatana. Wewe na haya matope munafanana: munatunza kila kitu, na hamusemi mpaka mutu awachimbe."

Sikujua kama mtu anatakiwa kufurahi akifananishwa na matope. Kwenye daftari langu, nikitazama leo, nimeandika kwamba nilifurahi.

Siku ya pili, tukiwa tunakula karanga ukingoni, alinieleza anachotafuta. Alinyoosha kidole: ule ni muhogo, ule ni mti, yale mahindi, yale majani marefu ya kilimani. Yote, alisema, yanakula hewa. Ndani ya hewa kuna kaboni, na kaboni ni ndugu wawili wa tumbo moja. Mmoja ni mwepesi, kumi na mbili, naye ndiye aliyejaa kila mahali. Mwingine ni mzito kidogo, kumi na tatu, naye ni wa kutafuta. Hapo nilishtuka, kwa sababu darasani tulinakili maana ya isotopu na mimi nilipata alama zote. Nilipata alama zote bila kujua kwamba hao ndugu wamo ndani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo ninayokula kila siku.

"Miti ni wachaguzi," alisema. "Miti, muhogo, maharagwe. Wanachukua yule mwepesi, mzito wanamwacha mlangoni. Lakini majani ya kilimani, na mahindi, na miwa, hao hawachagui sana. Mzito akija, anaingia. Sasa jani likianguka humu potopotoni, chini hakuna hewa, haliozi likaisha. Linakaa na kaboni yake. La mwaka huu liko juu, la zamani liko chini. Nikipima wepesi na wazito wa kila kipande, najua siku zile hapa palisimama msitu au paliota majani matupu."

Bibi alikuwa karibu yetu, akijifanya anapalilia. Alinyooka.

"Hiyo yote inataka mashine ya nini? Nyama ya mbuzi aliyekula maganda ya muhogo, na ya mbuzi aliyekula majani ya kilimani, mimi naitambua kwa ulimi."

Madamu Potopoto alipiga paja lake. "Mama! Hiyo ndiyo kazi yangu yote, umeisema kwa neno moja! Tofauti ni kwamba wewe ulimi wako uko mudomoni, wangu ni mashine ya labo na unataka umeme."

"Ndiyo maana masomo yako hayaishi," bibi akasema, akarudi kwenye magugu yake.

Kulikuwa na swali nililotaka kuuliza tangu asubuhi, nalo bibi akaliuliza bila kuinuka: ukishajua, halafu? Na jibu la Madamu Potopoto nimelikumbuka kuliko mengi ya darasani. Kaboni yote iliyomo kwenye matope haya, alisema, ilikuwa hewani kwanza. Potopoto imeinyonya na kuificha. Ikikauka, itairudisha, na hewa itazidi joto. Zamani sana, wakati wa ukame mkubwa, yeye alikuwa anadhani hapa palikuwa na majani tu. Baadaye mvua ikarudi, msitu ukaja, na potopoto ikaanza kuficha. Alichotaka kujua ni mwendo. Msitu uliingia polepole, kama mgeni anayebisha hodi na kungoja? Au uliingia kwa mara moja, kama shemeji? Jibu, alisema, liko mahali pamoja tu, pale matope meusi yanapoishia na udongo wa kijivu unapoanza.

Siku ya nne tulifika kwenye kijivu. Bomba lilinasa, ikabidi watu watatu watoke mashambani kuja kulivuta. Lilipotoka, kiungo cha chuma kilikuwa kimepasuka. Lakini ndani kijivu kilikuwepo, vipande sita, kuanzia arobaini na saba mpaka hamsini na mbili. Aliishika arobaini na saba kwa vidole vitatu kama yai.

"Hii ndiyo niliyoifuata toka nyumbani," alisema. "Juu yake ni msitu, chini yake nadhani ni majani. Yenyewe ndiyo mupaka. Hata kama nisingepata nyingine yoyote."

Nami nikaandika namba yake vizuri kuliko zote. Nilipamba kidogo mguu wa saba.

Kesho yake alikwenda kuaga kwa mkubwa wa kijiji, maana pikipiki yake ingekuja asubuhi iliyofuata. Aliniachia kazi moja: sashe zikae chumbani, kivulini, na nisizifungue.

Nilizifungua. Nilifungua moja. Asubuhi ile niliona ndani ya arobaini na saba pamekusanyika matone ya maji, plastiki imefanya jasho. Nikaogopa itaota ukungu. Kwa bibi hakuna kitu kibichi kinachofungiwa. Karanga, mpunga, samaki, hata mbegu za boga, kwanza lungo, kwanza jua. Hakuna aliyenifundisha, mikono yangu tu inajua. Nikachukua lungo la kupepetea mpunga, nikaweka kile kipande katikati, nikakipandisha juu ya paa la jiko ambapo kuku hawafiki. Sashe nikaiwekea jiwe isiruke. Nikachukua ndoo, nikaenda kuteka maji, na njiani nilikuwa najisifu.

Sasa lazima nimseme mama mdogo, ndugu yake mama anayemfuata. Alikuwa na mimba ya miezi sita, ya kwanza, na alikuwa akitafuna pemba kama watu wengine wanavyotafuna karanga. Pemba ni udongo, ule mweupe au wa kijivu ambao wanawake wenye mimba wanaununua sokoni kwa mafungu. Unachimbwa, unakatwa vipande, unakaushwa kwenye lungo, juani. Muuguzi wa dispensari alimkataza, akasema unampunguzia damu. Basi bibi alikuwa akimficha pemba yake. Leo chini ya kitanda, kesho ndani ya mtungi, na mama mdogo anapata kila mara. Ulikuwa mchezo wa nyumba nzima.

Niliporudi na maji, alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu imenyooka, analamba kidole gumba.

"Mwambie mama yangu aache kunizarau," alisema. "Leo ameweka pemba juu ya paa, kama mimi sina macho. Nimeimaliza yote. Na umwambie haikuwa nzuri."

Nilisimama na ndoo kichwani. Lungo lilikuwa magotini mwake, safi. Mtu mwingine angepiga kelele. Mimi nilitua ndoo polepole, nisimwage, nikaenda kuchukua sashe chini ya jiwe.

Nitasema kilichofuata bila kujipunguzia. Pembezoni mwa mahindi ya bibi kuna shimo ambalo anatoa udongo wa kukandika jiko. Ni wa kijivu. Nilichukua jembe, nikachimba, nikakata kipande kwa kisu kwa ukubwa uleule, nikakitia kwenye sashe. Namba ilikuwa tayari juu yake, mguu wa saba umepambwa. Kilifanana. Kwa kweli kilikuwa kizuri kuliko chenyewe. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha yai, jambo ambalo linanitisha mpaka leo.

Nilijiambia matope ni matope. Lakini mimi nilikuwa nimekaa ukingoni siku nne nikisikiliza. Nilijua ule udongo umekaa na nani: mizizi ya mahindi, mabua ya mahindi, na mahindi ni wa ukoo wa majani, wale wasiomwacha mzito mlangoni. Mashine ingelamba ingesema: majani, majani matupu. Na yeye angeandika kwamba msitu uliingia kama shemeji, kwa mara moja. Watu wa mbali, ambao hawatafika Wamaza kamwe, wangesoma na kuamini. Ushahidi wote ungekuwa jembe la bibi na mwandiko wangu.

Jioni, kwenye chakula, Madamu Potopoto alinisifu mbele ya wote. Alisema hajawahi kuwa na sashe zilizopangwa vile. Mimi niliinamia sahani.

"Leo hata kutafuna hatafuni," bibi akasema. "Mume wetu amemtokea ndotoni nini?"

Mama mdogo aliongeza bugali, akala vizuri sana.

Asubuhi pikipiki ilikuwa tayari, dereva amefunga kamba nusu. Kantini, sanduku lake la bati, lilikuwa wazi uwanjani, na Madamu Potopoto amepiga magoti mbele yake. Kabla ya kufunga, alisema, tuhakikishe zote. Yeye alishika sashe moja moja na kutaja namba, mimi nilishika daftari, nitie alama na kujibu. Kazi yangu ilikuwa kusema "iko." Hata mimi naweza.

"Moja?"

"Iko."

"Mbili?"

"Iko."

Tulikwenda hivyo. Kufika ishirini dereva alikuwa akiitika pamoja nami kwa mchezo. Kufika thelathini bibi pia, kutoka jikoni. Kila namba ilikuwa ikinisogeza karibu, nami nilikuwa nahesabu ni ngapi zimebaki. Kumi. Tano.

"Arobaini na tano?"

"Iko," tukasema sote.

"Arobaini na sita?"

"Iko."

"Arobaini na saba?"

Bibi na dereva walisema "iko." Mimi sikusema.

Madamu Potopoto aligeuka na ile sashe mkononi. "Arobaini na saba?"

Niliutazama ule mguu wa saba uliopambwa.

"Mutoto amepoteza tena sauti," bibi akapaza toka jikoni. "Mupigeni mugongo kidogo."

"Haiko," nikasema.

Nadhani nilisema kwa nguvu, kwa sababu dereva aliacha kamba.

"Haiko namna gani? Hii hapa mukononi mwangu."

"Hiyo ni udongo wa jiko wa bibi. Ya kweli haiko. Imeliwa."

"Imeliwa na nini?"

"Na mama mudogo."

Dereva alitazama sashe, akanitazama mimi. Kisha mama mdogo akatoka nyuma ya nyumba, mkono mmoja juu ya tumbo, maana alikuwa amesikia.

"Nilidhani ni pemba!" alilia. "Ilikuwa kwa lungo! Kitu iko kwa lungo, juani, ya kijivu, mimi na tumbo hili nifikiri nini? Shule?"

Basi nikaeleza yote, lungo na jasho la sashe na shimo la bibi. Sijawahi kuongea muda mrefu hivyo mbele ya watu, na nusu yake ilikuwa kilio, na kamasi pia, nasema kweli. Madamu Potopoto hakunikatiza. Aliketi juu ya ukingo wa kantini, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa, akaivua tena.

"Siku nne," alisema. "Nilikuambia usifungue."

"Ndiyo."

"Na ungeniacha niende na hii."

"Ndiyo."

Macho yake yalikuwa na maji. Bibi akaja akijifuta mikono. Bibi hawezi kuvumilia mgeni alie uwanjani kwake.

"Basi tuchimbe tena."

"Chuma kimevunjika, mama."

Bibi alimtazama mama mdogo, akalitazama tumbo, akafikiri. "Basi usiende leo. Ngoja mupaka kesho. Kilichoingia kitatoka."

Dereva alijificha nyuma ya pikipiki yake. Mama mdogo akasema "Mama!" kwa sauti ambayo hata kuku waliisikia. Na Madamu Potopoto, ambaye alikuwa karibu kulia, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Hapana, mama. Hiyo itakuwa na kaboni ya bugali."

Baada ya kucheka aliivaa miwani yake. Halafu akageukia mama mdogo, akavuta daftari toka mkononi mwangu, na sauti yake ikawa ya kazi.

"Mama, keti. Niambie. Ilikuwa laini kwenye meno, ama ilikuwa inakwaruza?"

Mama mdogo akadhani anachezewa. Ikabidi aelezwe kwamba wao wenyewe, wakiwa kazini, huchukua chembe ya matope na kuitafuna kwa meno ya mbele, ili kujua kama ni udongo mtupu au una mchanga. Kusikia hivyo, mama mdogo aliketi vizuri, akapanga kitenge chake. Hakuna aliyewahi kumwuliza maoni yake juu ya pemba isipokuwa kumgombeza.

"Upande mumoja laini, kama siagi," alisema. "Upande wa pili inakwaruza, kama mutu hakuosha mboga. Na ndani kuna punje nyeusi. Nilitema mbili, tatu. Nikasema, mama ameikausha karibu na moto imepata makaa. Pemba nzuri haina makaa. Nilitaka kugombana naye."

"Punje za makaa? Una hakika?"

"Mimi natafuna udongo miezi mine, madamu. Makaa nayajua."

Madamu Potopoto alinirudishia daftari na kalamu. Alinitaka niandike mimi, kwa mwandiko wangu wa mashine, na akanisomea. Niliandika: *Arobaini na saba. Haikupimwa. Ilikaushwa juani kinyume cha maagizo, ikaliwa na mwanamke mwenye mimba. Maelezo ya mlaji: laini upande mmoja, mchanga upande wa pili, punje za makaa.* Bibi aliomba asomewe. Alisikiliza hadi mwisho, akasema kama maandishi yote ya shule yangekuwa hivyo, hata yeye angesoma.

Ile sashe ya uongo nilidhani ataitupa kwenye mahindi ilikotoka. Aliigeuza geuza.

"Umeitoa wapi hasa? Kandokando ya mahindi?" Kisha akapiga ulimi. "Nilihitaji udongo wa leo wa mahindi, wa kulinganisha, na nikasahau kuuchukua. Futa namba. Andika ukweli juu yake, itakuwa na kazi."

Nikaandika hamsini na tatu, na chini yake: *Shamba la bibi, leo.* Mguu wa tatu sikuupamba. Tukamaliza kuhesabu, sisi wanne tukiitika. Alipopanda pikipiki hakunikumbatia. Alinigonga kichwani na daftari, si kwa nguvu, si polepole pia.

Mtoto alizaliwa kabla ya mwisho wa mwaka, mvulana mzito, sauti yake kama ya baba yangu dukani. Ana jina lake zuri, lakini kwa bibi hakuna anayelitumia. Anaitwa Arobaini na Saba, na wakiharakisha, Saba.

Wiki chache zilizopita picha toka kwa Madamu Potopoto ilifika kwenye simu ya zamani ya mama, ambayo sasa ni yangu. Niliondoka nayo likizo ya Pasaka nikaifikisha Wamaza, na tukaitazama kwenye mkeka, bibi na mama mdogo na mimi, Saba akitaka kuila. Ni safu ya nukta toka juu kwenda chini, kila sashe na nukta yake. Kushoto ni upande wa miti, kulia upande wa majani. Toka moja mpaka arobaini na sita nukta zimekaa kushoto. Toka arobaini na nane mpaka hamsini na mbili zimekaa kulia. Katikati kuna mahali peupe. Na mbali kabisa kulia, kupita zote, nukta moja.

Chini ya picha alikuwa ameandika: "Hiyo ya mwisho ni shamba la bibi. Ona ilivyosimama pembeni peke yake, kama wewe darasani. Ingekuwa imekaa pale peupe, ningeandika kwamba msitu uliingia kwa mara moja, na ningejisifu. Sasa nimeandika kwamba sijui. Nimeweka pia maneno ya mlaji. Walimu wangu wameuliza mlaji ni nani. Nimewaambia ni mtaalamu wa huko."

Mama mdogo aliomba nirudie mstari wa mwisho. Nilirudia mara tatu.

Bibi aliweka kidole chake pale peupe, akakigandisha, kioo kikazima, nikakiwasha tena. "Kwa hiyo hapa ndipo alipo mujukuu wangu," alisema. "Miaka mingi vile, na bado ananyonya."

Walinitaka nijibu. Nilianza kuandika, kama kawaida yangu, na mama mdogo akaninyang'anya simu, akabonyeza pale pa kurekodi sauti, akainyoosha mbele ya mdomo wangu. Saba aliigeukia simu. Nilimtazama. Alikuwa amefungua kinywa, na kwenye ufizi wa chini palikuwa na kitu cheupe.

"Madamu," nikasema. "Arobaini na saba iko. Imeota jino."